Mbegu ya Mashanza ya Koko Emérence

Nyumbani kwetu Kyebando, asubuhi ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani yangu. Ya pili ilikuwa ya kibuyu cha mama mkwe wangu, Emérence. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akakilaza kibuyu mapajani, akakitikisa taratibu. Chwa, chwa, chwa. Mpaka leo, nikisikia mtu anasukasuka dumu la maji, nageuka kumtafuta.

Mimi ni Huguette, fundi wa nguo za vitenge. Mume wangu, Jean-Claude, anauza vitenge hivyo mjini. Sisi ni watu wa Masisi, Kongo. Mama mkwe wangu tunamwita Koko, yaani bibi. Hata majirani wanamwita hivyo, na yeye anapenda.

Ndani ya kile kibuyu mlikuwa na mashanza. Wengine huyaita maziwa ya mgando. Waganda wanayaita bongo. Wewe yaite upendavyo, ila usimwambie Koko kwamba ni kinywaji tu. Vita vilipotukimbiza, Koko aliacha sufuria, aliacha magodoro, aliacha ng'ombe malishoni. Kibuyu alikifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga. Alivuka nacho mpaka, tukaja kuishi huku kwa Waganda.

Mashanza yakikaribia kwisha, Koko hakumaliza yote. Aliacha kidogo chini ya kibuyu, kisha akamimina maziwa mapya juu yake. Yale kidogo yaliyagandisha yale mapya. Yale kidogo ndiyo tuliyoyaita mbegu. Koko alipewa mbegu hiyo na mama yake siku alipoolewa. Mama yake naye alipewa na mama yake.

Jumapili, tukitoka kanisani, Koko alitumiminia vikombe.

"Kunyweni," alisema. "Leo mko nyumbani."

Basi tulikunywa. Jean-Claude alifumba macho. Kisha alianza kutuhadithia: vilima vya kijani mpaka huko, ukungu wa asubuhi, nyasi zinazolowesha miguu, ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa majina. Mume wangu hakumbuki ameweka wapi ufunguo wa nyumba. Lakini ng'ombe wale anawakumbuka wote! Nilimcheka, na huku machozi yananilenga. Nilikuwa nakumbuka kwetu.

Kwa watu wa Koko kuna desturi. Binti akiolewa, mama humpa kikombe cha mbegu. Olivia, dada ya Jean-Claude, aliolewa Lubaga, mtaa mwingine wa mji huu, akapewa chake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Koko alienda kumtembelea, akamkuta anachemsha maziwa kabla ya kuyatia mbegu.

"Unafanya nini?" Koko aliuliza.

"Nachemsha, mama. Hapa mjini sijui maziwa yametoka wapi."

"Umeyaua! Maziwa yaliyochemshwa ni maiti. Mbegu ya mama yangu unailaza na maiti!"

Tangu siku ile, Koko hakunywa mashanza ya Olivia. Akienda Lubaga, aliomba chai ya rangi. Olivia alimpa chai, akaenda jikoni kulia. Najua, kwa sababu wifi yangu alikuwa akinipigia simu.

Koko alitaka maziwa yaliyo hai. Alizunguka Kyebando yote mpaka akampata Mzee Uthman, Mnubi mwenye ng'ombe wachache kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Walielewana haraka, maana Mzee Uthman anaongea Kiswahili tangu utotoni. Kila asubuhi alimpimia Koko maziwa, bado yana joto la ng'ombe.

"Mama, chemsha haya," alimwambia kila siku. "Wallahi, usinywe hivihivi."

"Ndiyo, baba," Koko alijibu kwa adabu.

Akipita kona tu, maziwa yanaingia kwenye kibuyu kama yalivyo. Wewe jaribu kubishana na mama mkwe wako kuhusu kibuyu chake, halafu uje uniambie.

Siku moja Guerschom, kitinda mimba wetu, asiyekosa kikombe chake cha mashanza, aliamka akilia tumbo. Alianza kuharisha. Nilimpa maji ya chumvi na sukari ya dukani, yale ya pakiti. Kesho yake niliona damu kwenye poti. Damu nyekundu! Nilivuta droo ya cherehani. Humo nilikuwa na vidonge vya kuua vijidudu, vilivyobaki wakati mume wangu alipougua kifua. Kwetu tunaviamini sana vidonge hivyo. Mtoto akikohoa, kidonge. Akiharisha, kidonge.

Nilikuwa nimeshafungua kimoja Adoch alipoingia kuchukua gauni lake. Adoch ni jirani yetu, Mwacholi, anafanya kazi kwenye maabara. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye alikulia kambini. Kiswahili chake ni cha kambini pia, cha kuamrisha.

"Weka hiyo chini!" alisema.

"Mtoto anatoa damu, Adoch."

"Ndiyo sababu uiweke chini. Mbebe. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Nilimbeba. Hospitalini daktari alichukua choo cha mtoto kwenda kupima. Alimwekea maji ya mshipani. Nilipomweleza habari ya vidonge, alitikisa kichwa.

"Afadhali hukumpa," alisema. "Kuna bakteria wa kuharisha damu ambao, ukiwapiga kwa dawa hizo, wanaweza kumwaga sumu zaidi. Sumu hiyo huumiza figo. Tusubiri kipimo. Sasa hivi kazi yetu ni maji, na kuangalia kama anakojoa."

Kipimo kilithibitisha: sumu hiyo ilikuwemo. Basi neno moja likawa sala yetu. Amekojoa? Jean-Claude aliuliza hivyo akiingia wodini. Koko aliuliza hivyo kwa simu. Guerschom alikuwa amevimba uso, amelala tu, hataki hata kumsikia mama yake. Nilimkumbuka anavyokimbia na vipande vya vitenge vyangu, nikatamani anichafulie kila kitu, mradi aamke.

Huku nyumbani, majirani walikuwa wameshahukumu.

"Ni kile kibuyu," walisema. "Kitu kizee namna ile!"

Nilisimuliwa baadaye kwamba Jean-Claude alirudi nyumbani amekasirika. Alikishika kibuyu.

"Nakipasua!" alisema. "Mwanangu anakufa kwa sababu ya hiki!"

Koko alikikumbatia kibuyu kwa mikono yote miwili.

"Nipasue mimi kwanza," alisema. "Hiki ndicho kilichobaki cha mama yangu. Nimebakiwa na nini kingine, Jean-Claude? Niambie, nini kingine?"

Mtu na mama yake, walisimama wanavutana kibuyu na wote wanalia. Adoch alisikia kelele, akaingia.

"Hakuna anayepasua," alisema. "Na hakuna anayekunywa. Koko, unataka kujua kama ni mbegu yako iliyomuumiza mtoto?"

Koko alisema, "Nataka. Hata kama ni mbegu, nataka kujua."

"Basi nitaomba ruhusa kazini. Nitachukua kidogo cha kibuyu hiki. Nitachukua maziwa ya Mzee Uthman, na nitapangusa ndoo yake kwa pamba ya kupimia. Pia nitaenda Lubaga kwa Olivia."

"Kwa Olivia kuna nini?"

"Kuna mbegu ileile. Kama mbegu ndiyo mbaya, na kwake itakuwa mbaya."

Koko alisonya. "Kwa Olivia kuna maziwa maiti tu."

Guerschom alikaa hospitalini muda ambao sipendi kuukumbuka. Halafu, asubuhi moja, nilihisi mkono wangu umelowa. Nikafunua blanketi. Alikuwa amekojoa! Amekojoa kitanda kizima! Nilipiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Muuguzi alikuja mbio, akaanza kunigombeza kwa ajili ya mashuka, kisha akaona mashuka yenyewe, naye akacheka. Sijawahi kufua mashuka kwa furaha kama siku ile.

Tulirudi nyumbani. Kibuyu kilikuwa bado kwenye mfuko aliokifungia Adoch, juu ya kabati. Koko hakukigusa, lakini kigoda chake alikiweka mahali pa kukiona. Ndipo Adoch akaja na majibu. Alituomba tumwite na Olivia. Wifi yangu alikuja na kikapu, akakaa karibu na mlango kama mgeni.

"Tumewapata," Adoch alisema. "Wanaitwa E. koli. Ni bakteria, viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho. Walikuwa kwenye choo cha Guerschom. Walikuwa kwenye kibuyu. Na walikuwa kwenye ndoo ya kukamulia ya Mzee Uthman."

"Hao E. koli tuwaue wote," Jean-Claude alisema.

"Huwezi. Hata wewe unao tumboni sasa hivi. Mimi ninao. Wengi wao hawana neno na mtu."

"Acha mchezo! Kama wote tunao, mbona mwanangu ndiye alikaribia kufa?"

"Hilo ndilo swali. Ukiwatazama kwa hadubini, mbaya na mwema wanafanana kabisa. Kwa hiyo inabidi kusoma maelekezo yao. Kila kiumbe ana maelekezo ndani yake, ya jinsi ya kujijenga na kuishi. Mtu anayo, mmea wa mahindi unayo, bakteria anayo. Maelekezo yote ya kiumbe mmoja tunayaita jenomu. Tuna mashine ya kuyasoma."

Koko alinitazama. Nilimtazama Koko. Hatukuelewa.

"Huguette," Adoch alisema, "lete karatasi zako za kukatia nguo. Zile za blauzi yangu ya kazini, na zile za blauzi ya kawaida."

Nilizileta. Blauzi ya kazini ya Adoch niliikata kwa karatasi za blauzi ya kawaida, ila aliomba mfuko wa ndani wa kuwekea simu.

"Ziweke moja juu ya nyingine, dirishani. Unaona nini?"

Nilizishika kwenye mwanga. Hiyo ni kazi yangu, hapo sihitaji kufundishwa.

"Mgongo ni uleule," nilisema. "Mikono ileile. Kola ileile. Ila hii yako ina kipande cha ziada. Mfuko."

"Ndivyo tulivyofanya. Tulichukua jenomu ya E. koli mwema, tukailinganisha na ya E. koli wa Guerschom. Sehemu kubwa inalingana. Lakini yule wa Guerschom ana vipande vya ziada. Kipande kimoja ni mfuko, na ndani ya mfuko mna kisu."

"Kisu gani?" Koko aliuliza.

"Maelekezo ya kutengeneza sumu. Kipande kingine kinamsaidia kushikilia utumbo asisombwe. Mwema hana hivyo vyote."

Mimi mtu wa kazi ya mikono siridhiki upesi. Niliuliza, "Utajuaje ni kipande hicho? Pengine ni urembo tu. Hata mimi naweka vifungo visivyofungua kitu."

Adoch alicheka, akanipiga begani. "Swali zuri! Kulinganisha wawili tu hakutoshi. Watu wa sayansi wamelinganisha bakteria wengi sana, wa wagonjwa na wa watu wenye afya. Walitafuta kipande ambacho kwa wagonjwa kinaonekana tena na tena, na kwa wenye afya hakipo. Wakikipata, wanakiondoa kwa bakteria huko maabara, waone kama bado anaumiza. Asipoumiza, wamekipata kisu. Ndiyo maana daktari alijua sumu gani ya kupima, na dawa gani asimpe."

"Na hicho kipande alikitoa wapi?" niliuliza.

"Bakteria hupeana vipande. Virusi vidogo hubeba kipande kutoka kwa mmoja, vikampa mwingine. Kama mafundi mnavyoibiana mitindo."

Hapo niliguna. Fundi wa mtaa wa pili aliniibia mshono wa mikono yangu ya puto, na ananiamkia bila haya.

Koko hakucheka. Alikuwa anakitazama kibuyu kwenye kabati.

"Mbegu yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Niambie habari ya mbegu."

Adoch alivuta kiti karibu naye.

"Koko, E. koli wa Guerschom, wa kibuyu na wa ndoo, tulilinganisha jenomu zao zote. Zinafanana kama nguo zilizokatwa kwa karatasi moja. Kwenye mashanza ya Olivia hawamo kabisa. Kwake kuna wale bakteria wazuri wanaogandisha maziwa. Na hao wazuri wa Lubaga na wa hapa Kyebando ni ndugu. Ni mbegu moja. Mbegu ya mama yako haina hatia."

Koko alijifunika uso kwa kitenge, akalia. Alilia kama mtu aliyetua mzigo. Olivia alitaka kumsogelea, akasita, akabaki mlangoni.

"Kosa ni maziwa mabichi," Adoch aliendelea. "Ng'ombe hubeba bakteria hao tumboni, na yeye mwenyewe haumwi. Kinyesi kidogo kikigusa chuchu au ndoo, wanaingia kwenye maziwa. Uchachu wa mashanza hauwamalizi. Moto unawamaliza. Mtu mzima anaweza kuwanywa asiugue sana, lakini mtoto mdogo huumia."

"Lakini Masisi hatukuchemsha," Koko alisema. "Tulikunywa yanatoka kwenye chuchu. Tulikuwa wazima!"

"Koko, Masisi hakuna mtoto aliyeharisha damu?"

Koko aliishika ncha ya kitenge chake, akaanza kuikunja. Aliikunja mpaka Jean-Claude akamwita, "Mama?"

"Mdogo wangu," alisema. "Aliitwa Vumilia. Alikuwa mdogo kuliko Guerschom. Aliharisha damu, akavimba, akaacha kukojoa. Tulisema jirani amemroga. Tulimchukia yule mama mpaka akahama kijiji." Alimshika Adoch mkono. "Ilikuwa maziwa?"

"Siwezi kujua, Koko. Kuna magonjwa mengine yanayoleta damu. Huenda ilikuwa maziwa, huenda siyo. Lakini jirani hakumroga."

Jean-Claude, ambaye anajua ng'ombe wote wa baba yake kwa majina, jina hilo hakuwahi kulisikia. Alimshika mama yake bega.

Adoch alisema kilichobaki. Kibuyu kina vijishimo ndani, hakiwezi kusafishika vizuri. Inafaa kichomwe. Nilitegemea vita. Lakini Koko aliinuka mwenyewe, akakishusha kibuyu kutoka kabatini. Alikivua mshipi wake wa ngozi, akaniwekea mkononi niutunze. Nje, niliwasha moto. Tulimwaga yaliyokuwemo chooni, Koko akakilaza kibuyu motoni kwa upole, tukanawa mikono kwa sabuni. Harufu yake ilipanda, ya moshi na maziwa na miaka yote ile. Ilikuwa harufu ya kwetu, na wote tuliijua.

"Sasa imekwisha," Koko alisema.

"Haijaisha, mama," Olivia alisema.

Alifungua kikapu chake. Akatoa jagi la chuma lenye kifuniko. Alipiga magoti mbele ya mama yake, mikono yote miwili kwenye jagi.

"Ulinipa siku ya harusi yangu. Nakurudishia. Ni ileile, Adoch amesema."

Kwa desturi yao, mama ndiye humpa binti. Binti kumpa mama, hakuna aliyewahi kuona. Koko alilitazama jagi, akamtazama mwanawe. Alipokea kwa mikono miwili.

"Nisamehe," alisema. "Nilikunywa chai yako ya rangi miaka yote nikiwa na kiburi. Nionyeshe unavyofanya."

Basi Olivia alimwonyesha, mama yake akiwa mwanafunzi. Maziwa mpaka yafure. Punguza moto, yaendelee kuchemka kidogo. Yafunike na uyaache yapoe. Mwaga tone moja nyuma ya kiganja. Likiwa vuguvugu, halikuchomi, ndipo utie mbegu kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Ukiweka mbegu kwenye maziwa ya moto, ndipo unapoiua kweli.

"Kumbe mbegu inaogopa moto tu, haiogopi maziwa yaliyochemshwa," Koko alisema.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nakwambia."

"Ulikuwa unaniambia ukilia. Nani anamsikiliza mtu anayelia?"

Tulicheka wote.

Asubuhi iliyofuata mashanza yalikuwa yameganda, mazito, meupe. Koko alionja wa kwanza. Alikaa na kijiko mdomoni. Olivia, aliyekuwa amelala kwetu, alishindwa kuvumilia.

"Mama, yakoje?"

Koko alimeza. "Jean-Claude," alisema, "fumba macho utuhadithie."

Jean-Claude akafumba macho, akaanza na vilima. Guerschom akanyoosha kikombe chake aongezewe.

Siku hizi Koko ndiye anayewasumbua watu. Anasimama pale bandani akimwambia kila mnunuzi, "Chemsha! Mpaka yafure!" Mzee Uthman anashika kichwa. "Wallahi, mama huyu! Mimi nilisema nini siku zote?" Naye ameanza kuosha chuchu na ndoo kabla ya kukamua, maana Koko anakuja kukagua.

Sauti ya kibuyu haipo tena nyumbani kwetu. Ninaikosa, siwezi kudanganya. Badala yake kuna kifuniko cha sufuria kinachochezacheza juu ya sigiri. Koko anakaa kwenye kigoda chake kando ya moto. Maziwa yakianza kufura, anafunua kifuniko, anapunguza mkaa, na kwa sauti ndogo anataja jina moja. Vumilia. Kisha anasubiri yachemke vizuri, wala hana haraka.